Sauti Mbili za Iglika

Iglika alikuwa na sauti mbili, kila moja ikikaa kwenye kompyuta yake, na kompyuta hizo mbili hazikupatana. Balaa la nyumba ya mumewe, Metodi, lilianzia hapo.

Sauti ya kwanza ilikuwa mbaya, tuseme ukweli. Ilitoka kwenye kompyuta ya zamani iliyowekwa kando ya kitanda. Ugonjwa ulikuwa umemnyang'anya Iglika miguu, kisha mikono, kisha ulimi, ukamwachia macho tu. Kamera ndogo chini ya skrini iliyafuata macho hayo. Alitazama herufi, herufi ikaandikika. Alipomaliza sentensi alitazama alama ya spika kwenye kona, na kompyuta ikasoma. Ilisoma kwa sauti ya bati, haipandi haishuki. Siku ya kwanza ilipotamka "Metodi", ilitamka kama afisa wa forodha anayesoma pasi ya mtu asiyempenda. Macho ya Iglika yakaanza kutembea herufi kwa herufi, na mashine ikatangaza kwa uzito wake wote: "Mbuzi kameza kengele." Metodi alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku ile mashine ikaitwa Mbuzi.

Sauti ya pili ilikuwa ya Iglika mwenyewe. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mtangazaji wa kituo cha mabasi hapa mjini Gabrovo. Kuna watu ambao hawakuwahi kuuona uso wake lakini walimjua kuliko shangazi zao: basi la Sevlievo, njia ya tatu; basi la Tryavna limechelewa, abiria tunawaomba radhi. Metodi, ambaye hajawahi kutupa kitu tangu azaliwe, alikuwa na kaseti kumi na moja za matangazo hayo kwenye kabati la viatu. Binti yao Bilyana alizichukua akaenda nazo Plovdiv anakofanya kazi, akampa mwenzake wa ofisini aitwaye Yavor. Yavor alikaa nazo miezi minne. Ijumaa kabla ya Jumapili ya Maua, akatuma programu ya kusoma maandishi kwa sauti ile.

Metodi aliiwasha jikoni kwenye kompyuta yake mpya ya mapajani, akaandika maneno ya kwanza yaliyomjia kichwani. "Basi la Sevlievo, njia ya tatu," akasema Iglika, mzima, mwenye miaka arobaini, na kale kamshindo kake kwenye neno la mwisho. Metodi aliketi. Aliketi bila kuangalia kama kiti kipo, na kwa bahati kilikuwepo.

Kisha akaihamishia programu kwenye kompyuta ya kitandani, nayo ikakataa.

Ilikataa kwa mstari mmoja tu wa maandishi, kwamba toleo linalotakiwa halipo. Metodi alilielewa tatizo mara moja, maana alikuwa fundi wa kompyuta miaka thelathini, tangu enzi za kiwanda alikoanzia kazi. Programu haibebi kila kitu chake mgongoni. Mambo mengi ya kawaida huyaazima kwenye maktaba za pamoja za mfumo, kama wapangaji wanaotumia ghala moja la mitungi ya kachumbari huko chini ya jengo. Programu ya Yavor ilitaka mtungi namba thelathini na nne. Ghala la Mbuzi liliishia namba kumi na tisa. Mifumo yote miwili ilikuwa Linux, ndugu wa tumbo moja, ila mmoja alikuwa amezaliwa miaka mingi kabla ya mwenzake na hawakusikilizana tena.

Kuubadilisha mfumo wa zamani uwe mpya haikuwezekana. Kamera ya macho ilitengenezwa na kampuni iliyokwisha kufa, na kiendeshi chake, yaani programu inayoiongoza, kilikubali mfumo ule wa zamani peke yake. Kwa hiyo kompyuta iliyoyajua macho ya Iglika haikuweza kubeba sauti yake, na iliyobeba sauti yake ilikuwa kipofu.

Alimpigia Yavor.

"Mzee Metodi, hilo kosa langu," alisema Yavor. "Nimeijenga kwenye mashine yangu, nikasahau yenu ni ya enzi za Nuhu. Nitaifunga upya na maktaba zake zote ndani ya fuko moja, isiombe kitu kwa mtu. Au maneno tuyatume kwa waya, yasomwe huko jikoni kwako. Nipe mpaka Jumatatu."

"Jumapili ni siku ya jina lake, mwanangu."

"Najua. Lakini kesho nampeleka mama mlimani, huko simu hazishiki. Ila nakuomba kitu kimoja tu. Maktaba kuu ya mfumo usiiguse. Usichukue ya kompyuta mpya ukaitia kwenye ya zamani. Umenisikia?"

"Mimi nilikuwa natengeneza kompyuta wewe hata mimba yako haijatungwa."

"Ndiyo maana nakwambia, mzee. Nyie wa kiwandani ndio mnaofanya hivyo."

Metodi alicheka, lakini maneno yale yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Iglika ni jina la ua, na wote wenye majina ya maua husherehekea Jumapili ile, wiki moja kabla ya Pasaka. Kwenye siku ya jina hakualikwi mtu. Mlango unaachwa wazi, watu wanaingia: majirani, madereva wastaafu wa mabasi, wanawake wa tiketi. Metodi alikuwa ameshawaona akilini mwake, wamesimama mlangoni na matawi yao ya mierebi kutoka kanisani, na Iglika anawakaribisha kwa sauti wanayoijua. Daktari alikuwa amesema macho nayo yatachoka. Hakusema lini. Metodi alijua kwamba Jumapili ya Maua nyingine kama hii haitakuwepo, na alimtaka mke wake arudi, hata kama ni kwa mchana mmoja tu, hata kama ni kwa sikio tu.

Jioni ile alimweleza. Macho ya Iglika yalitembea muda mrefu. Mbuzi akasema: "Hii inanitosha. Jumatatu si mbali."

"Inakutosha wewe," Metodi alimjibu huku akimpangia mto. "Mimi nimeishi na mbuzi mwaka mzima."

Alidhani ni unyenyekevu wake tu.

Jumamosi asubuhi alimwosha, akambadilisha nguo, akafungua dirisha chumba kipate hewa. "Dakika tano tu, Igle," alisema, maana hapa kwetu upepo unaopita chumbani unaogopwa kuliko nyoka, na Aprili ya Gabrovo ina theluji mlimani bado. Alimwekea skrini mbele ya uso, akahakikisha kamera imeyaona macho, akaenda jikoni kupaa samaki wa kesho.

Genka, jirani wa ghorofa ya juu, aliingia na bakuli la ngano, akamkuta na kisu mkono mmoja na kompyuta mbele yake.

"Unampaa nani hapo, samaki au kompyuta?"

"Wote."

"Basi angalia usije ukawachanganya, kesho utulishe waya." Alichungulia chumbani, akaweka bakuli kwenye kiti cha mlangoni, akapunga mkono, Iglika akapepesa macho mara mbili, ndiyo salamu yake. Genka akaondoka.

Metodi alinawa mikono. Kutoka jikoni aliweza kuingia kwenye kompyuta ya kitandani kupitia mtandao wa nyumbani, akafanya kazi kwenye skrini nyeusi ya kuandikia amri bila kumsumbua mgonjwa. Aliitazama ile maktaba kuu ya zamani, kisha akaitazama ya kwenye kompyuta mpya. Faili tu. Ukubwa karibu sawa. Kiwandani, enzi zile, mashine tano zilizoharibika zilitoa nne zinazofanya kazi. Ulichomoa hapa ukachomeka pale, na mkuu wa zamu akakupa mkono. Hakuna kifaa kilichowahi kumwambia Metodi kwamba hakichomekeki. Alifanya hesabu ya mtu mwenye uzoefu: nitaiweka mpya kando ya ya zamani, sifuti kitu, nitabadilisha kielekezo tu, programu zianze kuazima kwenye mpya. Ikigoma narudisha. Dakika mbili.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali haikutwambia ya kufanya pale mkuu anapokuwa kijana wa miaka thelathini.

Alibadilisha kielekezo. Kisha akaandika amri ndogo kuliko zote, ile ya kuorodhesha mafaili, na ikamrudishia mstari wa makosa. Akaandika nyingine. Makosa. Ya kunakili, ya kuhamisha, ya kufuta, zote zilikuwa zimekufa kwa pamoja, kwa kuwa zote ziliazima kwenye ghala lile lile, na sehemu ya zamani iliyobaki haikuweza kufanya kazi na ile mpya. Hata amri ya kurudisha kielekezo ilihitaji kielekezo kiwe kimerudi.

Kitu kimoja kilikuwa hai, nacho ni ile skrini nyeusi iliyokuwa mbele yake, iliyofunguliwa kabla ya maafa. Akitoka humo, harudi. Aliondoa mikono kwenye kibao cha herufi kama mtu aliyegundua kwamba amekalia yai.

Alimpigia Yavor. Simu haikushika. Alipiga tena, akapiga tena, akampigia Bilyana, naye akasema atajaribu namba ya mama yake Yavor.

"Baba, na mama?"

"Mama yuko sawa. Ametulia."

Na kweli chumbani kulikuwa kimya. Metodi alikuwa na sikio la mlezi: miezi kumi na minne alikuwa amelala usingizi wa paka, akisubiri Mbuzi aite. Mbuzi akiita alienda hata kama ni mara ishirini kwa saa. Sasa Mbuzi hakuita, na Metodi alishukuru. Kwenda mwenyewe hakutaka. Tuseme lilivyo: aliona haya. Angeingia amwambie nini? Kwamba alikuwa na sauti moja mbaya, na sasa hana hata hiyo, kwa sababu mumewe ni fundi? Alijiambia atatengeneza kwanza, halafu ataingia akiwa anacheka. Mara moja alisogea mpaka kwenye ukumbi, akaona miguu ya Iglika chini ya blanketi, imetulia. Akarudi kwenye kiti.

Jambo ambalo fundi yeyote angelifikiria, yeye hakulifikiria, kwa sababu hofu ilimziba akili. Programu ya macho ilikuwa imewashwa tangu alfajiri; ilikuwa imekwisha azima mitungi yake, kwa hiyo iliendelea kuishi. Iglika aliendelea kuandika. Lakini ile ya kusoma kwa sauti iliitwa upya kila alipotazama alama ya spika, na kila ilipoitwa ilikufa mlangoni. Kwa hiyo aliandika, akatazama spika, na chumba kikabaki kimya. Na maneno yalikuwa kwenye skrini iliyomwelekea yeye peke yake.

Yavor alipiga saa saba na nusu mchana. Bilyana alikuwa amempata kupitia kwa mwenye nyumba ya wageni.

"Umefanya," alisema Yavor.

"Nimefanya."

"Ya zamani uliifuta?"

"Hapana. Iko kwa jina lake."

"Na skrini bado imefunguka? Basi umepona, mzee wangu. Kila amri, kabla yake, itaje ile ya zamani kwa jina lake kamili, uilazimishe ianze na hiyo. Andika ninavyokusomea."

Ilichukua sekunde arobaini. Kielekezo kikarudi, amri zikafufuka. Metodi alitaka kumbusu kijana wa watu kwenye simu. Hapo hapo, kutoka chumbani, Mbuzi akanguruma kwa sauti yake ya bati: "Me."

Silabi moja. Alienda anakimbia, na alipofungua mlango baridi ilimpiga usoni. Pazia lilikuwa linapepea. Dirisha lilikuwa wazi tangu saa nne asubuhi, muda wa saa tatu na nusu nzima. Blanketi lilikuwa limeteleza mpaka kiunoni. Midomo ya Iglika ilikuwa na rangi ya zambarau, na kifua kilikuwa kinakoroma. Macho yalimtazama Metodi. Hayakuwa na hasira, na hilo ndilo alilokuja kuwaambia watu baadaye, kwamba heri yangekuwa na hasira.

Jumapili ya Maua watu walikuja, kama desturi. Walimkuta Genka mlangoni, amefunga kitambaa kichwani, anawarudisha mmoja mmoja. Waliacha matawi ya mierebi kwenye ngazi. Metodi alikuwa hospitalini, ameshika mkono uliokuwa haushiki. Iglika alipumua kwa mashine siku tano. Macho aliyafumba Jumanne, na Alhamisi kabla ya Pasaka akafa.

Daktari, mwanamke mpole, alimweleza kwamba mapafu yalikuwa yanaelekea huko kwa vyovyote vile. Misuli ya kupumulia ilikuwa imekwisha, na ingekuwa mwezi huu au ujao. "Dirisha halikuleta hili, bwana Gunchev. Ubaridi hauleti nimonia."

Metodi aliitikia kwa adabu. Hakuna mtu hapa Gabrovo, msomi au mjinga, anayeamini jambo hilo.

Tangazo la kifo lilibandikwa kwenye mlango wa jengo, kwenye nguzo ya taa na kwenye kituo cha mabasi: picha yake akiwa na nywele za kukata, na maneno ya kawaida. Kwenye kituo mtu alilibandikia pembeni tawi la mwerebi. Bilyana alikaa wiki mbili, akasafisha, akapika, akalia bafuni maji yakiwa yamefunguliwa. Siku ya kuondoka alisimama mbele ya kompyuta ya kitandani.

"Baba, hii niichukue? Yavor anasema kuna mgonjwa mwingine Plovdiv anayehitaji kamera kama hii."

"Ichukue. Niachie leo tu."

Yavor alikuwa ametuma fuko lake Jumatatu ile ile, kama alivyoahidi. Metodi alikuwa hajalifungua. Sasa, Bilyana akiwa amekwenda kununua tiketi, alilifungua. Programu ilikuja na maktaba zake zote ndani, haikuomba kitu kwa mtu, haikugusa chochote cha mfumo. Iliwaka mara ya kwanza. Kazi safi, kazi ya mtu mwenye subira. Mstari mweupe ulikuwa unasubiri maneno.

Metodi aliweka vidole kwenye kibao, na hapo akaogopa. Sauti ya mke wake ilikuwa tayari kusema lolote atakaloandika. Angeweza kuandika nimekusamehe, na Iglika angesema. Vidole vilikuwa vimekwisha andika herufi tatu za kwanza. Alizifuta moja moja, akavuta pumzi.

Badala yake alitafuta daftari la programu ya macho, mahali inapoweka kila sentensi iliyowahi kuandikwa pamoja na saa yake. Alishuka mpaka mwisho, Jumamosi ile. Kulikuwa na mistari thelathini na mmoja ambayo, ukiacha ule wa mwisho, hakuna mtu aliyewahi kuisikia. Hakuisoma. Aliinakili bila kuitazama, akaielekeza kwenye sauti mpya, kisha akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Metodi," alisema Iglika, vizuri kabisa, na kamshindo kake mwishoni. "Funga dirisha. Baridi."

"Nipo, Igle."

"Metodi, funga dirisha."

"Nakuja."

"Metodi." Halafu: "Genka kasahau bakuli lake." Kisha: "Metodi. Metodi, njoo. Metodi, hunisikii?"

"Nakusikia," alisema. "Sasa nakusikia."

Sauti iliendelea. Haikupanda, haikulalamika, ilikuwa sauti ile ile iliyokuwa ikiwaomba radhi abiria kwa basi lililochelewa. Aliitwa jina lake mara ishirini na mbili, na kila mara aliitika. Mistari ya mwisho ilikuwa mifupi, herufi zimekosewa, na sauti ikazisoma hivyo hivyo kwa upole.

"Dirisha," ilisema. Halafu: "Me."

Hapo daftari lilikwisha. Nje kulikuwa na jua la Mei, na Bilyana alikuwa ameacha dirisha wazi ili chumba kipate hewa. Metodi alisimama, akaenda akalifunga, akakaza komeo. Kisha akabaki pale ameshika komeo, mpaka binti yake aliporudi na kumkuta.